Umepima malaria, hakuna: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Moshi kuhusu virusi vinavyoenezwa na mbu

Maswali haya ndiyo yanayosikika kwenye foleni za zahanati, madirishani kwa maduka ya dawa na kwenye magrupu ya WhatsApp ya mitaa, hasa masika yakikolea na tena Desemba watu wakipanda kutoka Dar. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye si mtaalamu wa afya. Mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mwenye ugonjwa wa kudumu akipata homa asisubiri kumaliza kusoma. Aende kituoni kwanza.

Nimepima malaria, majibu yametoka hakuna. Sasa naumwa nini?

Mazoea yetu yanajulikana. Mwili ukichoka na homa ikipanda, ni malaria. Kipimo kikikataa, basi ni taifodi. Taifodi nayo ikikataa, ni UTI, na unarudi nyumbani na mfuko wa antibayotiki. Wengine hawapimi kabisa: wanapitia duka la dawa, wanameza mseto, wanasubiri.

Hali ya mkoa huu haiendani na mazoea hayo. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta vimelea kwa chini ya asilimia 1 ya watoto wa Kilimanjaro walio chini ya miaka mitano. Na miaka kumi kabla yake, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa KCMC na Hospitali ya Mawenzi. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa malaria. Waliokuwa wanaumwa malaria kweli ni asilimia 1.6. Wengine walikutwa na bakteria kwenye damu, au leptospirosisi, brusela na homa ya Q, magonjwa yanayotoka kwa wanyama. Na 55 walithibitika kuwa na chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Kati ya hao 55, hakuna hata mmoja ambaye virusi vya mbu vilitajwa kwenye orodha ya magonjwa aliyodhaniwa kuwa nayo alipolazwa.

Kwa hiyo jibu la "hakuna malaria" ni habari muhimu, na linafungua swali badala ya kulifunga. Muulize daktari au tabibu bila kuona haya: "Kama siyo malaria, tunafikiria nini?" Mwambie homa ina siku ngapi, ulisafiri wapi ndani ya wiki mbili zilizopita, unashika mifugo au hapana, na kama jirani naye analalamika hivyohivyo. Kipimo cha malaria usikiruke hata hivyo. Aliyetoka Tanga, Geita au Kigoma juzi anaweza kuwa ameibeba, na malaria inaua haraka kuliko mengi tutakayoyataja hapa.

Dengue si ugonjwa wa Dar? Huku kwetu kuna baridi.

Baridi ipo Kibosho na Marangu juu. Pasua, Njoro, Majengo na kushuka Mabogini mpaka TPC na Kahe hakuna baridi ya kumzuia mbu huyu. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na Aedes aegypti, mbu mkuu wa dengue na chikungunya, anaishi na kuzaliana hapa.

Ni kweli milipuko mikubwa ya dengue imepiga pwani. Wa 2014 uliitikisa Dar es Salaam, na wa 2019 ulivuka wagonjwa 6,000, wengi wao wa Dar na Tanga. Lakini kirusi hakihitaji mbu asafiri. Kinapanda basi ndani ya damu ya mtu. Mtu anaumwa na mbu Mbagala Jumatatu, anasafiri Jumatano akiwa mzima, homa inamkuta akiwa kwao Rombo au Soweto ya hapa Moshi wiki inayofuata. Kuumwa na mbu mpaka kuugua huchukua siku 4 hadi 10 kwa kawaida. Mbu wa hapa akimnyonya siku za mwanzo za homa, baada ya takriban siku 8 hadi 12 mbu huyo naye ana uwezo wa kuambukiza. Fikiria sasa Desemba, ukoo mzima umerudi nyumbani na mvua za vuli ndiyo zimetoka kunyesha. Chikungunya nayo isisemwe kuwa ni ngeni: kirusi chake kilitambuliwa mara ya kwanza duniani hapahapa nchini, kwenye mlipuko wa 1952 na 1953 kusini, katika nyanda za Wamakonde.

Nitatofautishaje dengue na chikungunya?

Kwa macho tu, mara nyingi huwezi, na hata daktari mzoefu hubahatisha. Zote zinaanza ghafla, homa kali, kichwa, mwili kuvunjika, pengine vipele. Dengue ina maumivu nyuma ya macho na misuli, na ndiyo yenye tabia ya kuvuja damu. Chikungunya inashika viungo: vifundo vya mikono, vidole, vifundo vya miguu, vinavimba mpaka mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati. Homa inaondoka ndani ya wiki, viungo vinabaki kuuma kwa wiki kadhaa, na kwa wengine miezi. Kama una jirani anayetembea kwa kuinama tangu alipougua "malaria" ya mwezi wa nne, usikimbilie kusema amerogwa.

Kuna pia o'nyong-nyong, ndugu wa karibu wa chikungunya, iliyozuka Uganda mwaka 1959 na kusambaa Afrika Mashariki. Hiyo huenezwa na Anofelesi, mbu yuleyule wa malaria.

Nimeze nini wakati nasubiri?

Parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na si zaidi. Maji, uji mwepesi, supu, maji ya madafu ukiyapata, ORS. Pumzika. Hakuna dawa inayoua kirusi cha dengue wala cha chikungunya; tiba ni kuusaidia mwili upite salama.

Usichopaswa kumeza ni muhimu zaidi, na hapa tunaomba wenye maduka ya dawa nao wasome: usitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka dengue iwe imeondolewa kwenye mashaka. Dawa hizi zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Tabu ni kwamba diklofenaki ndiyo kimbilio la Mtanzania mwenye maumivu ya mwili, na hutengenezwa pia ikiwa imechanganywa na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, kwa hiyo mtu anaapa amekunywa ya kutuliza homa tu. Soma majina ya dawa yaliyo kwenye pakiti. Sindano ya maumivu ya "kukuweka sawa" nayo iulizie ni ya nini kabla hujaukunja mkono wa shati.

Siku ya nne homa imeshuka kabisa. Nimepona?

Huenda. Wengi wanapona hapohapo. Lakini kwa dengue, saa 24 hadi 48 baada ya homa kushuka ndizo za kuangaliwa sana, maana ndipo maji ya damu huanza kuvuja nje ya mishipa kwa wachache watakaozidiwa. Mgonjwa anaonekana nafuu, ndugu wanarudi kazini, anaachwa na mtoto wa darasa la tano. Asiachwe.

Rudi hospitali, hata kama ni usiku wa manane, ukiona: tumbo linauma sana, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi, puani, kwenye matapishi au choo, kupumua kwa haraka, ngozi ya baridi na iliyopauka, kulegea au kuhangaika kusiko kwa kawaida, mkojo kupungua sana. Mtoto anayelala tu na kukataa kunyonya ni dalili tosha.

Hospitali hawatakupa kidonge cha ajabu. Watapima picha ya damu, waangalie chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) na uzito wa damu, wakupe dripu kwa hesabu. Kazi hiyo inayoonekana ndogo ndiyo inayookoa: dengue kali ikiwahiwa na kusimamiwa vizuri, wanaofariki ni chini ya asilimia 1.

Niliugua dengue Dar mwaka 2019. Nina kinga?

Kwa aina ile iliyokupata, ndiyo, na ya kudumu. Virusi vya dengue viko aina nne, na kinga dhidi ya nyingine tatu hudumu miezi michache tu. Tena ukiambukizwa mara ya pili na aina tofauti, uwezekano wa kuzidiwa ni mkubwa kuliko mara ya kwanza. Mwambie daktari kuwa uliwahi kuugua. Asipouliza, sema mwenyewe. Chikungunya ni tofauti: ukishaipata, kwa kawaida hairudi.

Nalala kwenye chandarua kila siku. Kwa nini niugue?

Kwa sababu mbu huyu hafanyi kazi usiku. Aedes anauma mchana, hasa asubuhi baada ya kupambazuka na jioni kabla ya jua kuzama. Unakuwa dukani, darasani, unafua uani, unasuka nywele barazani. Ni mdogo, mweusi, ana madoa meupe miguuni. Anapenda vifundo vya miguu, na anajificha chini ya kitanda, nyuma ya pazia na kabatini kwenye nguo zilizotundikwa.

Chandarua usikitupe; malaria bado ipo, na watoto wachanga, wazee na wanaolala mchana baada ya zamu kinawalinda. Aliyeugua akae ndani ya chandarua hata mchana katika wiki ya kwanza ya homa, ili mbu wasichukue kirusi kwake na kukipeleka kwa wengine nyumbani. Kwa mchana: nguo ndefu, dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, wavu madirishani kama uwezo upo.

Uwanja wangu unafagiliwa kila asubuhi na nyasi zimefyekwa. Mbu wanatoka wapi?

Nyasi tuziache zipumzike. Kila mwaka mitaa inafyeka majani kwa bidii na kuacha tairi limejaa maji pembeni ya njia. Aedes hazaliani kwenye nyasi wala mtaroni kwenye maji machafu. Huyo wa mtaroni ni Culex, mwenye kelele za usiku. Huyu wetu anataka chombo chenye maji yaliyotulia.

Jike anabandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji. Maji yakipanda, mayai yanaanguliwa, viluwiluwi wanakua, na ndani ya siku 7 hadi 10 kwenye joto mbu anaruka. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanasubiri yamekauka hivyohivyo kwa miezi. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi: ndoo ya kiangazi iliyosahauliwa nyuma ya banda inapata mvua ya kwanza ya masika, na mbu wapo ndani ya wiki moja na nusu. Sugua ukuta wa ndani kwa brashi, kila wiki.

Zungukia nyumba ukiangalia haya: matairi, na gereji za mjini ndizo bingwa, mapipa na madumu ya kuhifadhia maji siku za mgao, simtanki lisilofunikwa vizuri, gata lililoziba kwa majani, chombo cha maji ya kuku, visahani vya chini ya vyungu vya maua, trei ya nyuma ya friji, makopo ya rangi, pipa la maji la saiti ambalo fundi aliliacha alipoishiwa saruji. Makaburini, vile vikopo vya maua navyo. Mbu huyu haruki mbali, kwa kawaida haendi hata mita 200 kutoka alikozaliwa, kwa hiyo aliyekuuma leo huenda amezaliwa kwako au kwa jirani wa ukuta wa pili. Swali la kumwuliza jirani bila kugombana: "Mama Fulani, tulitazame pipa pamoja?" Linafanya kazi kuliko kumsema kwenye kikao cha mtaa.

Maji ya kuhifadhi hayakwepeki, hasa maeneo ya juu ambako mabomba hukauka. Yafunike kwa mfuniko unaobana au kitambaa kizito kilichofungwa kwa mpira. Tairi litobolewe, lijazwe udongo, au lihifadhiwe chini ya paa.

Na migomba? Tukate?

Usithubutu. Maji hukaa kweli kwenye makwapa ya majani ya mgomba, na wapo ndugu wa Aedes wanaozaliana humo. Ila Aedes aegypti wa mjini anategemea vyombo vya watu. Anza na matairi. Mgomba una kazi nyingine.

Kwa nini wasipulize dawa mtaa mzima tumalize?

Moshi wa dawa unaua mbu wanaoruka wakati ule, kama utawafikia, na Aedes anakuwa ndani nyuma ya kabati. Mayai na viluwiluwi wanabaki salama. Baada ya wiki moja au mbili mbu wapya wapo. Kupuliza kuna nafasi yake mlipuko ukiwa umeshika kasi, kukiambatana na kuondoa mazalia. Peke yake ni tamasha, na viongozi wanalipenda kwa sababu linapigika picha.

Tunasikia homa ya Bonde la Ufa. Inatuhusu sisi tusio wafugaji?

Inamhusu kila anayechinja, anayekula nyama na anayekunywa maziwa, yaani karibu kila mtu mkoani hapa. Ugonjwa huu ulitambuliwa mwaka 1931 kwenye shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Mlipuko mkubwa wa karibu ulikuja baada ya mvua nyingi za mwisho wa 2006. Nchini ulionekana kwanza wilayani Ngorongoro, jirani zetu wa mkoa wa Arusha, mapema 2007, kisha ukasambaa mikoa mingine, Dodoma ikiumia zaidi. Zaidi ya Watanzania 100 walifariki.

Unavyokuja ndivyo unavyotisha. Kuna Aedes wa mbugani ambao mayai yao hubeba kirusi na kukaa ardhini miaka mingi kwenye mabonde makavu. Mvua ikizidi, mabonde yanafurika, mayai yanaanguliwa, mbu wanauma kondoo, mbuzi na ng'ombe. Dalili ya kwanza ni zizini: mimba zinatoka karibu kundi zima kwa mkupuo, na wana-kondoo wanakufa kwa wingi. Watu wanafuata.

Mtu huumwa na mbu, lakini wengi huambukizwa kwa kushika: damu wakati wa kuchinja, kumzalisha mnyama, kuokota mimba iliyotoka kwa mikono mitupu. Wengi wanapata homa ya kawaida tu. Wachache hupoteza uwezo wa kuona, huvimba ubongo au hutokwa damu, na hao wa kutokwa damu hufa wengi. Haijathibitika kwamba mtu humwambukiza mtu mwingine.

Basi kisusio, supu yetu ya damu, tuache?

Damu mbichi, ndiyo, tuache, hasa mwaka wa mvua kubwa. Kisusio kilichochemka sawasawa, damu ikiwa imeiva ndani ya supu, hakina tatizo hili; kirusi hakivumilii moto. Mchinjaji ndiye aliye hatarini kuliko walaji, kwa hiyo glavu, na mwenye kidonda mkononi akae pembeni. Mnyama anayeumwa au aliyekufa mwenyewe asichinjwe "ili tusipate hasara". Maziwa yachemshwe. Mbuzi wa Krismasi anunuliwe mnadani panapokaguliwa, apite mbele ya afisa mifugo, na anayekuuzia kwa bei ya kutupa gizani ana sababu zake.

Chanjo ya mifugo ipo, ila hutolewa kabla ya mlipuko. Mlipuko ukishaanza, kuchanja kwa sindano ileile mnyama hadi mnyama kunaweza kusambaza kirusi.

Kuna chanjo ya binadamu?

Ya homa ya manjano ipo, ni nzuri, na dozi moja inatosha maisha yote. Kadi yake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usisubiri mpaka usiku wa kuamkia safari. Anayeingia Tanzania akitoka nchi yenye ugonjwa huo, Kenya ikiwemo, anaweza kudaiwa kadi Holili, Namanga au uwanja wa KIA. Chanjo za dengue na chikungunya zimeshaidhinishwa katika baadhi ya nchi, lakini hazimo kwenye ratiba yetu ya kawaida ya chanjo.

Mimi ni mjamzito. Nifanye nini cha ziada?

Homa yoyote, nenda kliniki siku hiyohiyo. Dengue kwa mjamzito ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kali. Chikungunya ikimpata mama karibu na kujifungua inaweza kumfikia mtoto wakati wa kuzaliwa, na mtoto huugua vibaya. Kirusi cha Zika, kilichogunduliwa Uganda mwaka 1947, hubebwa na Aedes huyohuyo na kinaweza kuharibu ubongo wa mtoto tumboni. Hiki huambukizwa pia kwa kujamiiana. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET mjamzito anaruhusiwa kuipaka kwa kufuata maelekezo yake.

Majani ya mpapai yanapandisha chembe sahani?

Dunia nzima wanauliza hili. Ushahidi uliopo ni dhaifu, na hakuna ulioonyesha kwamba yanaokoa maisha. Anayekunywa juisi hiyo huku anahudhuria hospitali hatukamatani mashati. Anayeinywa badala ya hospitali, siku ya nne, akiwa anatapika: huyo mbebeni.

Mbu anaambukiza UKIMWI?

Hapana.

Mbona zahanati yetu haipimi dengue?

Kipimo kinategemea siku ya ugonjwa. Siku tano za mwanzo hutafutwa kirusi chenyewe au protini yake; baadaye hutafutwa kingamwili. Kikichukuliwa siku isiyofaa kinaweza kusema hakuna wakati ipo. Vipimo hivi havipatikani kila kituo, na kwa tiba yako wewe mgonjwa mara nyingi daktari hahitaji kuvisubiri: anaondoa malaria, anaangalia picha ya damu na dalili za hatari, anakupangia siku ya kurudi. Kwa jamii, hata hivyo, mgonjwa mmoja aliyethibitishwa ana thamani kubwa, maana ndiye anayeamsha wilaya. Ukiambiwa sampuli itapelekwa hospitali kubwa, kubali.

Tumeugua nyumba tatu jirani, wote hakuna malaria. Tumwambie nani?

Mwenyekiti wa mtaa au balozi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kituo cha afya mlicho karibu nacho. Wao humfikishia mganga mkuu wa wilaya. Mimba za mifugo zikitoka kwa mkupuo, ni afisa mifugo siku hiyohiyo, kabla hamjazika wala kuchinja. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Ukipiga, taja mtaa, idadi ya waliougua, tarehe homa ilipoanza kwa kila mmoja, na aliyesafiri ni nani.